Mikanda ya Bembea

"Mikanda hii imewalea watoto wote wa nyumba hii," Bi Shemsa alisema, huku akiipitisha juu ya boriti na kuibana kwa bizimu zake za chuma. Bembea ya mjukuu ikaning'inia juu ya sakafu ya saruji. Ada ya nyumba hiyo ilikuwa bibi kuifunga, na mama mtoto kushukuru.

Tunu hakushukuru. Alimkumbatia mwanawe, akazitazama bizimu. Meno ya bizimu hizo yalikuwa yamelika, na mkanda ulipita mara moja tu, bila kurudishwa.

"Mama, tujaribu na mchele kwanza."

"Unamfananisha mjukuu wangu na mchele?"

Lakini Tunu alikwisha kuuinua mfuko wa mchele kwa mkono mmoja na kuulaza ndani. Akaisukuma bembea taratibu. Mkanda ukaanza kuteleza kwenye bizimu, kidogo kidogo, kisha ukachomoka wote. Mfuko ukapiga saruji, ukapasuka.

Bi Shemsa hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Tunu. Mama mkwe wake aliishika tu ncha ya mkanda, akaitazama kama kitu alichokwisha kukiona.

Uani, Sudi alikuwa anarudi kutoka kazini; hatua moja nzito, kisha mguu ukiburutwa.

"Mama," Tunu aliuliza kwa sauti ya chini, "kweli mume wangu alizaliwa na mguu ule?"

Bi Shemsa akapiga magoti, akaanza kuokota mchele, punje moja moja. Mguu ukaburutwa hadi mlangoni.