Baraza la Bibi Borghild

Kahawa ililetwa kwa vikombe vya karatasi.

Wanaume wanne walitazamana. Bibi Borghild Aune, ambaye vikombe vyake vya maua ya buluu vilijulikana kanisa zima, alisimama mlangoni na sinia mkononi kama mhudumu wa kituo cha basi.

"Napunguza vitu," alisema kabla hajaulizwa.

Aliporudi ndani, mzee Ardell alimwinamia Karsten. "Mke wangu naye alianza hivyo hivyo, kugawa vyombo. Miezi sita, tukamzika."

Hofu hiyo ndiyo iliyomleta Karsten hapa. Muuguzi wa bibi alishasema wazi kwamba ngazi za mlango wa nyuma zimeoza, na zisiposhughulikiwa kabla ya theluji, bibi hataweza kuendelea kuishi peke yake. Atapelekwa nyumba ya wazee. Karsten alikuwa amefundishwa na bibi huyo nyimbo za Jumapili tangu hajajua kusoma. Alimwona akilini akinyauka huko kama mche uliong'olewa. Ndiyo maana alisimama baada ya ibada, akaomba mbao na mikono ya kujenga baraza mahali pa ngazi hizo.

Bibi mwenyewe alikataa, bila shaka. Huku Minnesota mtu mwenye adabu hapokei kitu mara ya kwanza, hata kahawa. Hukataa, akabembelezwa, akakataa tena, ndipo akapokea. "Msijisumbue," alisema mara ya kwanza. Mara ya pili akasema, "Kwa kweli sihitaji." Mara ya tatu alimshika Karsten mkono kwa nguvu. "Wapeni wenye shida, mwanangu. Mimi nitakuwa sawa."

Waumini walicheka kwa upendo. Borghild ni Borghild. Adabu yake haina dari.

Basi mashimo yakachimbwa, nguzo zikasimamishwa, zege likakauka, na leo ilikuwa zamu ya boriti.

"Tuzibane ubavuni mwa nguzo, bolti mbilimbili, twende zetu," alisema Duane, aliyekuwa anatazama saa kila mara. "Mechi inaanza saa sita."

"Hapana," alisema Karsten. "Boriti ikae juu ya nguzo, isining'inie ubavuni. Ikining'inia, bolti ndizo zinazobeba kila kitu. Siku bolti zikiliwa na kutu, bibi yuko chini."

"Bibi mwenyewe ana uzito wa kuku! Unajenga baraza au daraja la treni?"

"Na wageni wake je? Wewe peke yako ni behewa."

Walicheka mpaka Ardell akamwaga kahawa. Duane alicheka kuliko wote, akavua koti, na habari za mechi zikaishia hapo.

Karsten alichukua msumeno na patasi, akachonga kichwa cha kila nguzo. Upande mmoja aliukata, mwingine akauacha umesimama kama mgongo wa kiti. Wakainua boriti kwa pamoja, wakaikalisha. Ilitulia pale bila hata upenyo wa kupitisha karatasi. Ndipo akatoboa kwa keekee, akapitisha bolti kutoka upande hadi upande, akakaza nati kwa spana mpaka mbao zikalia.

Boriti zilikuwa za mwerezi. Ardell alikuwa amezitunza ghalani kwa ajili ya nyumba ya binti yake. "Binti bado kijana, atangoja," alisema, na hakutaka maneno zaidi.

Bibi Borghild alitoka tena, akasimama kando ya nguzo.

"Karsten, mwanangu, kuna jambo nilipanga kuwaambieni Jumapili. Lakini labda..."

"Najua, Bibi." Karsten alitabasamu, kope zake nyeupe kwa vumbi la mbao. "Usiseme kitu. Hakuna anayedai shukrani hapa."

Bibi aliigusa boriti. "Huu si mwerezi wa Ardell? Wa nyumba ya binti?"

"Ndio wenyewe."

Bibi aligusa nati moja kwa kidole. "Na zinaweza kufunguliwa? Tuseme binti akizihitaji."

"Zifunguliwe!" Duane aliangua kicheko. "Bibi, kijana huyu amezikalisha kama wafalme. Hazitoki hizo!"

"Miaka arobaini, Bibi," alisema Karsten. "Ninakuahidi."

"Arobaini," alisema Bibi Borghild, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Machozi yakamtoka.

Duane alivua kofia. Karsten aligeukia ukuta, maana naye alikuwa analia. Tangu amalize chuo alikuwa akisikia kwamba dunia imeharibika, kwamba kila mtu anajibeba mwenyewe. Laiti wasemao hivyo wangekuwa hapa leo.

"Asanteni," bibi alisema hatimaye. "Mmefanya jambo kubwa. Kubwa mno."

Kufikia jioni mbao za sakafu zilikuwa zimepigiliwa zote. Walisali wakiwa wameshikana mikono, wakala nyama na viazi alivyooka mke wa Duane, wakapanda magari yao na kuondoka wakipiga honi.

Bibi Borghild alitembea kwenye baraza lake mwanzo hadi mwisho. Akasimama katikati, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Halikutikisika.

Aliingia ndani, akaondoa boksi juu ya kiti kilicho karibu na simu, akakaa, akampigia mdogo wake aliyekuwa Arizona.

"Ragna," alisema, "Jumatatu usije kunipokea uwanja wa ndege. Na kile chumba mpe mtu mwingine." Akasikiliza. "Hapana, mdogo wangu, sijaugua. Wamenijengea baraza."