Sahani Tupu

Alasiri hiyo mtaa ulikuwa kimya kama uliozama majini. Bi Mwatime alipita kando ya kuta ndefu zilizosimama palipokuwa na baraza, mkononi sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa. Majirani zake wote walikwisha kuuza nyumba wakahama. Amebaki yeye, na dalali anasubiri jibu.

Mbele ya geti jeusi aliiona kengele, asiiguse.

"Hodi!"

Akatokea mwanamke kijana.

"Shikamoo, mama. Hatujaagiza chakula."

"Marahaba, mwanangu. Siuzi. Mimi jirani yako, wa nyumba ile ya bati."

Yule kijana akaona haya, akaipokea sahani, akaingia nayo ndani. Punde akairudisha imeoshwa, inang'aa, haina kitu.

"Asante sana, mama."

Tangu azaliwe, Bi Mwatime hakuwahi kurudishiwa na jirani sahani tupu. Hata chumvi ingetiwa, au ndimu moja. Alirudi nayo kifuani, nyepesi kama karatasi, akaketi ukumbini mlango ukiwa wazi. Jua la jioni likaingia sahanini, likajaa mpaka ukingoni. Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua simu, akampigia dalali.

Simu ikiita, kivuli kikatanda kizingitini. Yule mwanamke kijana alikuwa amesimama pale peku, amekumbatia papai.

"Hodi?" akasema, kama anayejaribu neno la ugenini.

"Haloo?" dalali akaitika sikioni.

"Karibu," akasema Bi Mwatime, asijue ni nani kati yao aliyemsikia kwanza.