Nyumba ya Mwaka Jana

Katika kijiji kikubwa cha Porth Gwylan, pwani ya Wales, kila Aprili familia zote zilibadilishana nyumba, ili asiwepo mtu wa kukaa karibu na bahari zaidi ya mwaka mmoja. Watu walihama na nguo zao tu. Vyombo na fanicha vilibaki.

Mwaka huo Eluned na mumewe, Gwilym, walipewa nyumba ya juu mlimani, kwenye malisho ya kondoo. Gwilym alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, na kila asubuhi alitoka bila kuaga. Siku moja Eluned alimfuata. Alimkuta katika nyumba yao ya mwaka jana, akinywa chai jikoni na Heledd, mjane aliyehamia humo.

"Gwilym, twende nyumbani," alisema Eluned.

Gwilym alimtazama kwa muda, kisha akamgeukia Heledd. "Mke wangu, huyu mama ni nani?"

Heledd aliinamisha uso. "Nisamehe, dada. Siku ya kwanza nilimwambia mimi si mkewe, akalia sana. Tangu hapo huwa nanyamaza."

Eluned alimshika mumewe mkono. Gwilym akautoa taratibu, kwa adabu.

"Mpe mgeni chai," Gwilym alimwambia Heledd. "Anaonekana ametoka mbali."

Eluned alisimama pale, asijue kama avue koti au aondoke. Mwishowe alivuta kiti akaketi, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru.