Chura Kwenye Shela

Ilitangazwa rasmi, mbele ya cherehani tatu na pasi moja, kwamba kompyuta ya shangazi imeaga dunia.

Marehemu, hata hivyo, alikuwa akipiga ngoma. Kila shangazi alipobofya faili ya ua la kudarizi kwenye shela, skrini ilijaa chura mwenye fimbo mbili.

"Ua langu limeliwa na chura," alisema bibi harusi. "Na harusi ni kesho."

"Tulia, mwanangu," shangazi alimwambia, huku yeye mwenyewe akitokwa jasho. "Profesa, hebu tazama."

Profesa alikuwa mpwa wake, binti aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni na elimu nyingi isiyoulizwa. Alikohoa kama hakimu.

"Programu mbili zinagombea faili za aina moja. Huu mchezo wa chura umekuja juzi tu, ukajifanya mwenye nyumba. Ua lipo, halijaguswa."

Akabofya kitufe cha kulia, akachagua programu ya kudarizi, akaiamuru ifungue faili hizo daima.

Ua likachanua karibu skrini nzima. Bibi harusi akamkumbatia shangazi pamoja na pini zake zote, na mashine ikaanza kudarizi.

"Sasa mchezo wenyewe uliwekwa na nani?" shangazi aliuliza.

"Virusi, shangazi. Siku hizi vimezagaa."

Lakini chura alikuwa bado anadunda kwenye kona ya skrini, na bibi harusi alikuwa ameinama kusoma maandishi juu ya kichwa cha chura huyo: *Bingwa wa Ngoma: Profesa.*

Profesa alivua miwani taratibu.

"Ni mimi, shangazi," alisema. "Lakini kabla hujanipiga, tazama alama zangu."