Mgongo wa Malkia

"Hili ni joka au bomba lililopasuka?" mwalimu aliuliza.

Fundi bomba akaitazama karatasi yake kwa uchungu. Kila goti la joka lilikuwa kona ya bomba, na shingoni palikuwa na kitu kilichofanana mno na koki.

"Ni joka, mwalimu. Linageuka."

"Linavuja."

Darasa likaangua kicheko. Walikuwa wanafunzi sita, na yeye, kwa miaka yake arobaini na saba, ndiye mzee kuliko wote na ndiye aliyechora vibaya kuliko wote. Lakini hakuwa na mpango wa kuacha. Miaka mitatu alikuwa akiandika hadithi ya joka na Malkia wa Mazimwi aliyebeba ziwa zima mgongoni, akiiandika kwenye maboksi ya vigae wakati saruji ikikauka. Hadithi ilikuwa imekwisha, bado picha tu. Mchoraji aliyemwendea alimchorea malkia mwenye kiuno cha nyigu. "Huyu atabeba ziwa au glasi ya maji?" fundi akafoka, akaenda kununua penseli zake mwenyewe.

Bahati nzuri darasa lilikuwa na mtu wa kumchora. Kila Jumamosi saa tisa alasiri, wanafunzi wakishakaa, mwanamke mmoja alitoka nyuma ya pazia, kitambaa kichwani, shuka kifuani, akaketi kwenye kigoda na kuwapa mgongo. Mgongo gani huo! Mpana, mzito, umesimama kama ukuta wa bwawa. Ziwa lingekaa pale na viboko wake.

"Mbona hageuki?" fundi aliuliza.

"Zamani alikuwa anageuka," mwalimu alisema. "Siku hizi ana masharti. Mgongo tu, na asisemeshwe. Wewe chora."

Fundi akachora. Hakuwa na haja na uso. Ziwa halikai usoni.

Balaa lilikuwa nyumbani. Mke wake, akitafuta bisibisi, alifungua sanduku la spana akakuta michoro kumi na minane ya mgongo mmoja.

"Nani huyu?"

"Malkia wa Mazimwi."

"Ana namba ya simu?"

"Mke wangu, najifunza kuchora. Ni ya kitabu changu."

"Uliniaga unakwenda kuchora joka. Joka gani linafunga shuka?"

Siku hiyo akachukua mto wake akahamia chumba cha watoto. Wiki nzima hakumsemesha mumewe ila kwa kupitia watoto: "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani. Mwambieni kama ameshiba migongo, asile." Fundi alikula kichwa kikiwa ndani ya sahani. Aliona ndoa ya miaka kumi na tisa ikimponyoka, na hakujua valvu ya kuifunga ilikuwa upande gani.

Mke akaenda kumlilia mama yake.

Mama mkwe wa fundi alikuwa mkunga mstaafu, mjane wa maneno machache, na fundi alimheshimu kwa kiwango cha kukosa raha. Tangu aoe, hakuwahi kuinua macho mbele yake. Alimwamkia akiangalia viatu, akajibiwa, akatafuta mlango.

"Mama, mfuatilie. Wewe hakuna atakayekushuku. Anakwenda kila Jumamosi."

"Jumamosi siwezi. Nina shughuli zangu." Mama akapuliza chai yake. "Tena huyo mwanamume anachora tu. Muache."

"Umejuaje?"

"Nimeulizia."

"Mama! Siku hizi unamtetea yeye?"

"Nani kamtetea? Anachora vibaya sana."

Basi Jumamosi iliyofuata mke akaamua kujifanyia kazi mwenyewe. Alikaza kilemba, akavaa viatu visivyo na kelele, akamfuata mumewe kwa mbali hadi kwenye jengo moja lenye duka la miwani chini. Akampa nafasi ya kutosha kujitia hatiani, kisha akapanda ngazi. Ghorofa ya pili akasikia sauti anayoijua ikisema, "Jamani, hili bega la kulia limeumbika!"

Mlango aliufungua kwa teke.

Mwalimu akadondosha kifutio. Wanafunzi wakaganda. Fundi akajificha nyuma ya ubao wake wa kuchorea, ambao ulimtosha tumbo tu. Na katikati ya chumba, kwenye kigoda, ulikaa ule mgongo.

"Ndiye huyu!"

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Usiniite mke wako mbele ya huyu!" Akapita katikati ya mbao, mbili zikaanguka. "Na wewe, mwanamke mzima, huna haya? Mtu ana mke na watoto watatu, unamkalia hapa na shuka! Hukufunzwa kwenu? Hukuzaliwa na mama? Geuka nikuone!"

Mgongo haukutikisika.

"Dada, hageuki huyo," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Ana masharti."

"Masharti atayaona leo!"

Mke akamzunguka hadi mbele, kidole kimeshanyooka, tusi liko ulimini. Akautazama uso. Kidole kikashuka.

Yule mwanamke akashusha pumzi, akajiinua, akakigeuza kigoda na kukaa tena, akiwaelekea wanafunzi.

Penseli ikamtoka fundi mkononi. Macho yake yakakimbilia sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu mama mkwe wake, akiweka shuka sawa. "Mtafutie mkeo kiti akae, kisha umalizie hilo bega. Saa yangu haijaisha."