Mgomba Ulioota Kaburini

Nyanchera alivaa hedifoni juu ya kilemba chake, akafumba macho. Nyaya mbili zilitoka kwenye kisanduku kilichokaa nyasini, zikapanda hadi kwenye jani la mgomba, zikabanwa hapo kwa vibanio viwili. Mgomba wenyewe ulisimama katikati ya kaburi.

"Leo anaenda polepole," alisema.

"Ni baridi, mama. Jua likipanda atachangamka."

Kijana huyo, ndevu zimemfunika nusu ya uso, alijitambulisha kwa jina la Andrew, msanii wa sauti kutoka Nairobi. Kisanduku chake kilinasa umeme mdogo unaopita ndani ya majani na kuugeuza kuwa muziki. Alisema alisikia habari za mgomba huu sokoni Daraja Mbili, akapanda hadi Marani kuurekodi kwa siku mbili. Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

Habari zenyewe kijiji kizima kilizijua. Miaka minane iliyopita mgodi wa dhahabu uliporomoka, ukamfukia mwana pekee wa Nyanchera. Mwili haukupatikana. Ukoo ukazika shina la mgomba ndani ya jeneza lake, na wazee wakatoa masharti: nguo zake zigawanywe, sahani yake ya bati itupwe, jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Aliyezikwa hana tena mlango hapa, walisema. Nyanchera alitii yote isipokuwa la sahani.

Lakini aliyeling'oa lile shina alilileta na mizizi yake. Mbao za jeneza zilikuwa duni, shimo halikuwa refu. Mvua zilipokuja, likachipua.

Tangu hapo Nyanchera hakukosa asubuhi hata moja. "Mokua, umeamkaje?" angeuuliza mgomba kwa jina la mwanawe, akilipapasa jani. Hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

Ijumaa alifika Onsongo, ndugu wa marehemu mumewe, na mifuko mitatu ya saruji. Alimkuta Andrew ameketi kwenye jiwe uani, anakula matoke katika sahani ya bati iliyobanduka rangi ukingoni.

"Jumapili tunasakafia kaburi," Onsongo alisema. "Huu mgomba unatoka."

"Ukiung'oa, nitamsikilizia wapi?" Nyanchera aliuliza.

"Shemeji, tulizika mgomba, sasa mgomba unaimba. Kesho utadai shamba." Alicheka peke yake, kisha akamgeukia kijana. "Na wewe msanii. Wiki tatu unalala kwenye banda la majani chai, unakula nje kama mbwa. Nyumba ya shemeji yangu ina kunguni?"

"Hapa panatosha, mzee."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

Nyanchera aliichukua ile sahani, akaifuta kwa upindo wa leso.

Jumapili asubuhi Onsongo alikuja na jembe. Alichimba hadi chini ya mizizi, akauburuta mgomba hadi nje ya ua, akaenda kutafuta mchanga. Kaburini pakabaki shimo bichi.

Andrew alianza kukunja nyaya. Mkoba wake ulikuwa tayari begani. Kazi iliyomleta ilikuwa imekwisha, na hakuwa na sababu nyingine ambayo angeweza kumwambia mtu.

Nyanchera alitoka na kigoda chake, akaketi mahali pake pa kila siku. Akavaa hedifoni.

"Washa."

"Mama, hakuna cha kuunganisha."

"Washa tu."

Kijana alishusha mkoba. Kisha akapiga goti nyuma ya kigoda, mahali ambapo asingeonekana, akavibana vile vibanio viwili kwenye vidole vyake mwenyewe.

Kwanza ukimya. Halafu sauti ikaja, nzito, ya haraka, inajikwaa na kuinuka, haifanani hata kidogo na ile ya jani. Mtu yeyote angejua kwamba amedanganywa.

Nyanchera alisikiliza bila kutikisika mpaka jua likaufikia mlango wa nyumba. Kisha akavua hedifoni, akapeleka mkono nyuma bila kugeuka, akavishika vile vidole pamoja na nyaya zake.

"Walichokizika hakipo tena, Mokua," alisema. "Ingia ndani, uji unapoa."