Jina la Sita

Simu ya kocha wa chuo ilimkuta Tierney ndani ya gari, nje ya hospitali, mama yake akiwa kwenye usukani.

"Kesho asubuhi napeleka majina sita ya wapiga makasia ofisi ya udahili," sauti ya kocha ilijaa gari zima. "Nikikutaja wewe wa sita, ni kama umeshaingia. Nisipokutaja, utapanga foleni na wenzako elfu arobaini. Haya niambie, binti, mzima wewe?"

Mama alimkazia macho, akatikisa kichwa taratibu. Usiseme.

Tierney alitazama viganja vyake. Miaka sita ya makasia ilikuwa imeviotesha sugu juu ya sugu, mpaka vikawa kama vya mvunja mawe. Daktari alikuwa amemwambia apumzike miezi minne, na neno hilo lilimwingia tamu kuliko jina la chuo chochote.

"Kocha, ubavu wangu una ufa," alisema. "Halafu nimechoka."

Kocha alishusha pumzi. "Ahsante kwa kunieleza ukweli." Simu ikakatika.

"Unajua ulichokifanya?" mama aliuliza.

"Najua, mama. Twende nyumbani nikalale."

Mama alishika ufunguo, lakini gari hakuliwasha.